Barua ya wazi kwa vijana wa Clarkston, jimbo la Georgia, Marekani, mnaoutaka ubunge

Wanangu,

Juzi harusini mlinionyesha bango kwenye simu: suti ya buluu, jina kwa herufi kubwa, na chini yake "Mbunge Mtarajiwa". Nilifurahi. Nikamwuliza mwenye bango, eneo lako la uchaguzi linaishia mtaa gani? Akacheka, akaniletea pilau. Pilau niliila, jibu nalisubiri hadi leo.

Maadamu mnakaa Georgia, mjueni Julian Bond. Mwaka 1965 alikuwa na miaka 25, msemaji wa SNCC, vijana waliopigania haki za weusi. Aligombea Baraza la Wawakilishi la jimbo hili kwa kupiga hodi nyumba kwa nyumba huko Atlanta, akiwauliza watu shida zao. Akashinda. Januari 1966, siku chache kabla ya kuapishwa, SNCC ikatoa tamko la kupinga vita vya Vietnam. Si yeye aliyeliandika, na alipoulizwa na mwandishi wa habari angeweza kulikwepa. Akasema analiunga mkono. Tarehe 10 wenzake waliposimama kula kiapo, karani akamwomba yeye akae pembeni. Kura za kumkataa zilikuwa 184, za kumtaka 12.

Alirudi kwa wapiga kura wale wale. Wakamchagua tena, bunge likamkataa tena, wakamchagua mara ya tatu. Desemba 1966 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakaamua kwamba bunge limemnyima haki yake ya kusema. Mwezi uliofuata akaapishwa, akadumu katika mabaraza yote mawili miaka 20. Mtu aliyewahi kukupokea barazani kwake, akakueleza bomba lake linavyovuja, hakuachi kirahisi. Bango halikai barazani.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Vikao ni siku 40 kwa mwaka, mshahara haulishi familia, na kila baada ya miaka 2 mnarudi kuomba kura. Kwa Baraza la Wawakilishi, sharti uwe raia, umri 21, umekaa Georgia miaka 2 na eneo lako mwaka 1. (Karatasi za uraia kwanza, suti baadaye.)

Halafu nasikia wawili wenu mnakitaka kiti kimoja. Bond akiwa seneta wa jimbo alipigania mipaka ichorwe upya ili weusi wa Atlanta wawe wengi katika eneo moja la uchaguzi la Kongresi, yaani bunge la taifa. Mwaka 1986 akaligombea yeye, na rafiki yake wa tangu SNCC, John Lewis, naye akaligombea. Lewis alimshinda kwenye marudio ya mchujo wa chama chao, na urafiki ukaingia ufa. Nyinyi mmekula sahani moja tangu kambi ya wakimbizi. Kaeni mzungumze kabla fomu hazijatoka.

Jumapili baada ya ibada nipo nyumbani. Bango liacheni, njooni na ramani ya eneo. Chai itakuwepo.

Mzee wenu