Shukrani kwa mzee wa baiskeli, Walukuba

Nyumba yetu hapa Walukuba, Jinja, Uganda, ni ya zamani. Mabati yameshika kutu, na mvua za Machi zilikuwa zinabisha hodi. Fundi wa kwanza alitaka tubadilishe paa zima. Pesa hizo sina.

Wewe mzee uliegesha baiskeli, ukapanda juu ya paa. Uling'oa misumari iliyolegea, ukakata mpira wa ndani wa tairi kuukuu vipande vidogo kama sarafu ya shilingi 500, ukavivalisha misumari mipya kimoja kimoja. Kisha ukazoa majani ya mwembe yaliyoziba mfereji. Ulikubali chai tu, tena ukalalamikia sukari!

Jana imenyesha usiku kucha. Beseni la sebuleni limekauka. Wenye ngazi, wachungulieni majirani mapaa yao. Mzee, jina sikuuliza. Pita tena, sukari ipo.