Kasri tatu kwa siku moja ni mbio tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme na Waswahili wenzangu wanaokuja kutembea Ufaransa na wanataka kuona yale makasri ya bonde la mto Loire. Msikubali ile ziara ya kasri tatu kwa siku!

Mwaka jana mie na mke wangu tulilipia hiyo toka Paris, kampuni siitaji, basi kule Chambord tukapewa dakika hamsini, jamani, jumba lina vyumba zaidi ya 400 na sehemu za kuota moto 282, limeanza kujengwa 1519 enzi za mfalme François wa kwanza, we dakika hamsini utaona nini, na mie robo nzima niliimalizia foleni ya choo. Kilichonikosha ni ile ngazi ya katikati, kumbe ni ngazi mbili zimesokotana kama kamba, mke wangu kapanda hii mie ile, tunachunguliana kwenye vidirisha, namwona anacheka lakini hatukutani mpaka juu. Tukitaka kurudia, muongozaji keshaanza kutuita kwenye basi. Na huyo mfalme mwenyewe wala hakukaa humo hata miezi mitatu ukijumlisha siku zote, alikuwa anakuja kuwinda tu.

Mwezi wa tano tukarudi wenyewe, treni mpaka Tours, halafu kitreni kidogo cha Chenonceaux, stesheni iko karibu kabisa na geti. Kasri lenyewe limekaa juu ya mto Cher kama daraja, jiko liko chini huko ndani ya nguzo za daraja, masufuria ya shaba yamepangwa ukutani yanawaka, hapo mke wangu aligoma kutoka. Mfalme Henri wa pili alimpa hawara yake Diane kasri hili, alipokufa 1559 mke wake Catherine akamtoa Diane humo akambadilishia jingine, mke wangu akasema kafanya vizuri sana, mie nikanyamaza. Ukumbi wa juu ya mto ulikuwa hospitali ya majeruhi vita ya kwanza, vita ya pili ng'ambo hii Wajerumani wameshika, ng'ambo ile bado, yaani ukitoka mlango wa nyuma uko upande mwingine.

Tulikaa masaa matano. Amboise, alikozikwa Leonardo da Vinci, hatukufika, jioni ilishaingia na treni ndo ile inakuja.

Msomaji wenu, Paris