Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Kodi za Vifurushi Tunavyouza Nje ya Nchi

Ndugu wanachama,

Taarifa ya mwaka uliopita ilihusu zaidi mauzo na gharama za usafirishaji. Safari hii muda mwingi wa kamati umeliwa na jambo ambalo wengi wetu tulidhani haliwahusu wauzaji wadogo wa vikapu, vinyago na vitenge, yaani kodi anayotozwa mnunuzi aliye nje ya nchi anaponunua kwa njia ya mtandao. Nitaanza na Ulaya, kwa sababu huko ndiko tulikokosea.

Tarehe 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) uliokuwa ukitolewa kwa mizigo isiyozidi euro 22. Tangu siku hiyo hata kikapu kidogo cha milulu kutoka Iringa hutozwa kodi ya nchi anakoishi mnunuzi, ambayo ni asilimia 17 Luxembourg, 19 Ujerumani na 27 Hungaria. Mzigo usiozidi euro 150 ukiuzwa kupitia soko la mtandaoni, sheria hulihesabu soko lenyewe kuwa ndilo muuzaji kwa madhumuni ya kodi, hivyo soko humtoza mnunuzi papo hapo anapolipa, kisha huiwasilisha kodi hiyo kupitia IOSS, yaani utaratibu wa dirisha moja wa kulipia mahali pamoja VAT ya nchi zote za Umoja huo. Fedha hiyo haipiti mikononi mwetu. Kinachotuhusu ni namba ya IOSS ya soko, ambayo lazima iingizwe katika taarifa za forodha za kielektroniki zinazotangulia kifurushi. Isipoonekana humo, maofisa wa forodha hawana namna ya kujua kwamba kodi ilikwishalipwa, na mnunuzi hudaiwa mara ya pili mlangoni pake, pamoja na ada ya msafirishaji. Malalamiko mengi yaliyomfikia katibu mwaka huu yalitokana na hilo. Kuiandika namba hiyo kwa kalamu juu ya boksi, kama baadhi yetu tulivyokuwa tukifanya, hakusaidii kitu.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe. Katika semina tuliyoiandaa wenyewe, wanachama waliambiwa kwamba namba ya soko inaweza kutumika pia kwa oda zilizopatikana Instagram au WhatsApp, mradi bidhaa ni ileile. Ushauri huo haukuwa sahihi, na aliyeutoa ni mimi. Namba hiyo ni ya mauzo yaliyopita katika soko husika peke yake. Ikitumiwa kwa oda nyingine, kodi huonekana imelipwa ilhali hakuna aliyeilipa, na mwanachama anajiweka katika hatari ya kufungiwa akaunti na kudaiwa. Kwa oda za moja kwa moja zipo njia mbili za halali. Ya kwanza ni kujisajili IOSS kwa jina lako mwenyewe, na kwa muuzaji aliye Tanzania hilo halifanyiki bila wakala aliye ndani ya Umoja wa Ulaya. Ya pili ni kumweleza mnunuzi, kabla hajalipa, kwamba atadaiwa VAT mzigo utakapofika. Njia hii haina gharama kwetu, lakini mteja ambaye hakuambiwa mapema hukataa mzigo, nao hurudi Dar es Salaam ukiwa umechakaa.

Wengi wamechanganywa pia na namna ya kuhesabu. Kikomo cha euro 150 hutazama thamani ya bidhaa, bila nauli iliyoonyeshwa peke yake katika ankara, ila kodi yenyewe hukokotolewa juu ya jumla yote. Kikapu cha euro 60 chenye nauli ya euro 25 kinachokwenda Ujerumani hutozwa asilimia 19 ya euro 85, yaani euro 16.15. Aidha, Desemba 2025 mawaziri wa fedha wa Umoja wa Ulaya walikubaliana kwamba kuanzia 1 Julai 2026 vifurushi vya chini ya euro 150 vitozwe ushuru wa forodha wa euro 3 kwa kila aina ya bidhaa iliyomo. Kikapu, kitenge na mwiko wa mti katika boksi moja ni aina tatu, kwa hiyo wanaouza bidhaa mchanganyiko wapange upya bei zao mapema.

Uingereza ina mkondo wake tangu 1 Januari 2021, na kikomo chake ni pauni 135. Soko hutoza kwa niaba yetu, lakini kwa oda ya moja kwa moja isiyozidi kikomo hicho muuzaji wa nje anapaswa awe amesajiliwa VAT huko tangu kifurushi cha kwanza, bila kujali udogo wa mauzo yake. Maoni ya kamati ni kwamba oda hizo zipitishwe sokoni. Kamisheni inauma, lakini usajili unauma zaidi.

Marekani ilifuta kuanzia 29 Agosti 2025 msamaha wa ushuru wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 800. Mizigo ya posta iliwekewa ama ushuru wa kiwango cha nchi ilikotoka, ama kiasi maalumu cha dola 80 hadi 200 kwa kila kifurushi kwa kipindi cha miezi sita. Mashirika mengi ya posta duniani yalisitisha huduma, na Umoja wa Posta Duniani ulieleza kwamba mizigo ya posta iendayo huko ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Wanachama walioweka akiba ya bidhaa kwa ajili ya Krismasi wanajua maana yake.

Hapa nyumbani, bidhaa zinazouzwa nje hutozwa VAT kwa kiwango cha sifuri, lakini anayeweza kurejeshewa kodi ya manunuzi, yaani VAT aliyolipa aliponunua mahitaji ya biashara yake, ni aliyesajiliwa tu, na ukomo wa usajili ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Wengi wetu hatufiki huko.

Kamati inauomba mkutano huu uamue kama chama kichangie gharama za wakala mmoja wa IOSS atakayewahudumia wanachama watakaojisajili, kila mmoja kwa namba yake; mweka hazina atagawa makadirio kabla ya kura. Wanachama waliotumia namba ya soko kwa oda za moja kwa moja kwa kufuata ushauri wangu wampatie katibu orodha ya oda hizo kabla ya mwisho wa mwezi, ili tutafute pamoja namna ya kuzisahihisha.