Barua kwa Zuhura wa mapokezi

Zuhura mpenzi,

Salamu nyingi, na hongera kwa kazi ya mapokezi. Unasema sarufi ya shuleni unayo, ila wageni wanakutatiza kwa zile phrasal verbs: “turn”, “put” na “get” unazijua tangu utotoni, lakini zikishapachikwa “up” au “off” huzitambui tena. Usijilaumu. Fikiria Mzungu anayejifunza Kiswahili anavyohangaika na “piga”. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, na hakuna aliyeumia. Kiingereza nacho kina piga zake, nyingi mno, na huwezi kuipata maana kwa kutafsiri neno mojamoja.

Anza na “turn down”, maana hotelini huikwepi. Mgeni akisema “Could you turn down the music?” anaomba upunguze sauti. “They turned down my request” ni kwamba walimkatalia ombi lake. Na msimamizi wa vyumba akisema “Turn down room twelve”, hajakikataa chumba: anataka mhudumu aende jioni, akunje pembe ya shuka ili kitanda kiwe tayari kwa kulala, na afunge mapazia. “Make up” nayo ni hivyohivyo. Kibao cha mlangoni cha “Please make up my room” kinaomba chumba kisafishwe na kitanda kitandikwe. Hakihusiani na mekapu, wala na “He made up a story”, yaani katunga uongo.

Ya hatari kuliko zote ni “go off”. “The power has gone off” ni umeme umekatika. Lakini “The smoke alarm is going off” ni kengele ya moshi inalia, sasa hivi! Ukidhani anakuarifu kwamba imezimika, utamshukuru na kukata simu, kumbe chumbani kunafuka. Halafu “The milk has gone off” ni maziwa yameharibika. Umeme, kengele na maziwa vimetumia maneno yaleyale mawili, na kila kimoja kina maana yake. Kwa hiyo orodha ndefu za vitenzi peke yake hazitakufaa. Shika sentensi nzima pamoja na kitu kinachotajwa ndani yake.

Sasa mahali pa kuweka kitendwa, ambapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Kwa “turn off” unaweza kusema “Turn off the light” au “Turn the light off”, zote sawa. Ukitumia “it”, nafasi ni moja tu: “Turn it off”. “Turn off it” ni kosa. Kumbuka tu Kiswahili chako: katika “tumeizima”, ile “i” imekaa tumboni mwa kitenzi, haiwezi kutoka nje. “It”, “them”, “him” na “her” nazo huingia tumboni kwa vitenzi vya aina hii. Jina likiwa refu, liache nje mwishoni: “Please fill in the form we sent you on Tuesday.” Ukiipeleka “in” hadi baada ya Tuesday, msikilizaji atakuwa amekwishapotea. (Mmarekani atapenda “fill out” kwa fomu hiyohiyo, usibishane naye.)

Vipo vitenzi visivyofunguka tumbo kabisa: “look after”, “look for”, “look into”, “wait for”. Hapo ni “I'll look into it”, nitalifuatilia, wala si “I'll look it into”. Utajuaje kipi ni kipi? Fungua kamusi ya wanaojifunza Kiingereza. Wanaandika sth kwa kitu na sb kwa mtu. Ukiona sth imeruhusiwa kukaa katikati, kama “turn sth off”, tumbo linafunguka. Ukiiona mwisho tu, kama “look into sth”, halifunguki. Masikio nayo yanasaidia: katika “Turn it off” mkazo unaangukia “off”, ilhali katika “Wait for it” ile “for” hutamkwa kwa haraka, karibu kumezwa.

Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki kina tabia ya kukata mkia unaohitajika, yaani kile kijineno cha “up” au “off” kinachofuata kitenzi. Tunasema “The driver will pick you at the ferry.” Mgeni ataelewa kwa kubahatisha, lakini “pick” tupu ni kuchagua au kuchuma, kama unavyochuma embe. Mwambie “The driver will pick you up at the ferry.” Mahali pengine tunabandika mkia usiotakiwa: “cope up with”. Inatokana na kuchanganya na “keep up with”. Sahihi ni “cope with”, yaani kumudu. Na “put off the AC” iache. Kwa masikio ya Mwingereza wa leo “put off” ni kuahirisha kwanza, kwa hiyo safari ya pomboo unaweza kuiput off, kiyoyozi unakiturn off.

“Run out”, yaani kuishiwa au kuisha, inataka uangalifu kidogo. Ukianza na mtu, weka “of”: “We've run out of towels.” Ukianza na kitu chenyewe, itoe: “The towels have run out.”

Wakati uliopita unaingia kwenye kitenzi, kamwe si mkiani. “She checked out at nine”, si “She check-outed”. Ikiwa jina, maneno yanaungana na mkazo unahamia mbele: “Check-out is at ten.” (Saa nne asubuhi, usije ukaandika saa kumi kwenye tangazo la Kiswahili.)

Kuhusu vyombo: ukiweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, boti ya Dar au ndege, ni “get on” na “get off”. Teksi unajikunja kuingia, kwa hiyo hiyo ni “get in” na “get out of”. “Alight” tuliyofundishwa ni Kiingereza halali, ila kinasikika kama tangazo la stesheni.

Mazoezi fanya hivi. Daftari moja, kitenzi kimoja cha kazini, sentensi tatu: kwa jina, kwa kiwakilishi, kwa wakati uliopita. “I'll drop off your laundry. I'll drop it off. I dropped it off this morning.” Nguo za kufuliwa kwa jumla ni “it”, lakini taulo ni “them”, kwa hiyo badilisha kitu ili uzoee vyote. Vitenzi vitano kwa wiki vinatosha, na ukianza na “put through” (kumuunganishia mtu simu), “call back” (kumpigia tena), “sort out” (kutatua), “top up” (kuongezea) na “hold on” (kusubiri kidogo, hiki hakina kitendwa), simu ya mapokezi haitakutisha. Zisome kwa sauti. Kosa la “drop off it” sikio hulikamata kabla ya jicho. (Ukisikia “I dropped off in the taxi”, hakuna kilichoteremshwa: mtu alisinzia.)

Unapojibu barua pepe za wageni, sentensi ya mwisho andika “I look forward to hearing from you”, na “hearing” iwe na -ing yake, kwa sababu “to” hapo ni mkia wa kitenzi, si ile ya “to go”. Wengi huandika “to hear” na huwezi kuwalaumu.

Niletee sentensi zako kumi za kwanza, nizipitie kwa kalamu nyekundu.

Rafiki yako,
Mwanaidi