Mmeandika dola, saa hamkuziandika

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Jamaica. Sio ile ya kisiwani, hii ni Jamaica ya Queens hapa New York, stesheni ambayo karibu treni zote za Long Island lazima zipite.

Nimesoma ile habari yenu ya wafanyakazi wa reli wa huku wanaokula ovataimu mpaka kipato chao kinampita gavana, mmeitoa kwenye magazeti ya huku mkaitafsiri vizuri tu na juu yake mkaweka picha ya maburungutu ya dola. Nimetumiwa kwenye WhatsApp mara nne, binamu yangu wa Morogoro akaongezea na swali eti mi nasubiri nini kuomba hiyo kazi. Nikacheka, alafu nikairudia kuisoma nikaona kuna kitu hakimo, na kwenye yale magazeti ya huku pia mara nyingi hakimo, nacho ni saa. Dola zimetajwa kila aya, lakini jamaa alifanya kazi saa ngapi mpaka akazipata, hamna hata mstari mmoja.

Hebu tupige hesabu ya mfano tu. Chukua fundi wa dola 40 kwa saa. Wiki za saa 40 mwaka mzima zinampa kama dola 83,000. Ovataimu ni mara moja na nusu, basi dola 60. Ili huyu afike 200,000 inabidi apige karibu saa 1,950 za ziada, gawa kwa wiki 52 unapata 37 na ushee, na hizo ni juu ya zile 40 za kawaida. Huyo ana vibarua viwili bwana, ila vyote viko kwa tajiri mmoja.

Shemeji yangu, mume wa dada, yuko kwenye gengi la reli, wale wa kubadilisha mataruma na kushindilia kokoto. Jikoni kwao kuna kalenda ile ya bure wanayogawa madukani, dada kila usiku ambao mumewe kalala nyumbani anatia alama ya X kwa kalamu nyekundu. Siku moja nilienda kula nikaihesabu ya Januari, X zilikuwa tisa. Yeye mwenyewe alikuwa amerudi asubuhi hiyo, amekaa kwenye kiti na buti moja mguuni nyingine mkononi, amesinzia hivyohivyo, na watoto wanapita wananyata kama wamezoea.

Na mtu akiuliza kwani kwanini wasifanye kazi mchana kama watu wengine, jibu ni kwamba Long Island Rail Road, ndiyo reli yenyewe ninayoizungumzia, inatembea saa 24, siku 7, na pembeni ya njia sehemu kubwa kuna ile reli ya tatu yenye umeme wa volti 750. Ukitaka kugusa kitu pale lazima umeme ukatwe na njia ifungwe, na huwezi kuifunga saa 1 asubuhi watu wanakimbilia Manhattan. Kwahiyo ni usiku na wikiendi. Mimi nafanya usafi wa usiku hotelini, narudi na treni za alfajiri, mara nyingi tunasimama katikati ya njia ukichungulia dirishani unawaona wamejipanga na vizibao vyao vya rangi ya machungwa, taa kali, theluji inaanguka, mmoja kasimama kazi yake ni kuangalia treni tu basi, awashtue wenzake watoke njiani. Mwaka 2017 mwezi wa sita, Jumamosi asubuhi, msimamizi wa gengi aligongwa na treni akafa pale Queens Village. Hiyo hamkuitafsiri.

Sasa najua utaniambia, lakini si kuna mwizi alikamatwa? Alikuwepo, wala simtetei. Mwaka 2018 kuna mfanyakazi mmoja wa reli hii alilipwa jumla kama dola 461,000, na humo 344,000 ni ovataimu. Empire Center, ni taasisi ya huku inayofuatilia pesa za umma, ikatoa takwimu mwaka 2019, magazeti yakalipuka, na haki yao. Waendesha mashtaka wa serikali kuu walipofukua wakakuta kaandikisha zaidi ya saa 3,800 za ovataimu kwa mwaka mmoja, ni wastani wa saa 10 za ziada kila siku iendayo kwa Mungu pamoja na Krismasi, na kuna siku alizodai yuko kazini kumbe yuko anacheza boling. Akafungwa miezi 8, na wenzake kadhaa wakashtakiwa pia. Lakini angalia kilichomtia hatiani ni kitu gani. Dola zilimwanika, saa ndo zilimfunga. Gazeti likiishia kwenye dola, mwizi na shemeji yangu wanaonekana mtu mmoja.

Kitu kingine, ovataimu mtu hajipangii mwenyewe, kuna msimamizi anaita na kuna mkubwa anasaini. Ukiajiri mtu mpya unambebea bima ya afya na pensheni, sasa mabosi wengi hesabu zao zinawaambia bora tuwachoshe hawahawa tulio nao, alafu mwisho wa mwaka orodha ikitoka na wao wanashangaa pamoja na sisi! Miaka ile walipokuwa wanajenga njia ya tatu kutoka Floral Park mpaka Hicksville, ikamalizika 2022, kila kampuni ya ujenzi iliyosogea karibu na reli ilihitaji mtu wa reli wa kuwalinda. Huyo mtu alitoka wapi? Hao hao.

Zipo kanuni ambazo hata mimi zinaniudhi, sitaki kuonekana nimetumwa na chama cha wafanyakazi. Dereva akiendesha treni ya umeme na ya dizeli ndani ya shifti moja anadai malipo ya siku nzima ya ziada, mi naona hiyo imepitwa na wakati. Ovataimu nayo wa kwanza kuchagua ni aliyekaa kazini miaka mingi, na kwa kuwa inahesabika kwenye pensheni, wazee wanaokaribia kustaafu wanaibeba kwa nguvu zote. Hapo kuna stori nzuri kabisa kwa mwandishi mwenye subira. Ila kanuni hizo zilisainiwa mezani na pande mbili, na upande mmoja umevaa suti, mbona picha za wenye suti hatuzioni?

Halafu kuna usingizi, na hapa mi ni abiria nina maslahi yangu. Tarehe 1 Desemba 2013 treni ya Metro-North, ndugu na hii yetu chini ya MTA, mamlaka ya usafiri ya huku, iliacha njia Bronx kwenye kona ya maili 30 kwa saa ikiwa na mwendo wa 82, watu wanne wakafa. Dereva alikuwa amesinzia. Hakuwa kwenye ovataimu, nisidanganye, alikuwa na tatizo la kukatika pumzi usingizini ambalo halijagunduliwa na muda si mrefu alikuwa amehamishiwa shifti ya alfajiri. Lakini tangu siku ile nikipanda treni nafikiria kichwa cha yule aliyeko mbele kimelala saa ngapi. Madereva na makondakta sheria inawazuia kupita saa 12 kazini. Watu wa gengi hiyo sheria haiwahusu kabisa, wanaweza kuitwa na kuitwa. Kwahiyo ukisoma kwamba fundi wa njia amepata dola laki mbili na kitu, usiulize tu kwanini kalipwa, uliza pia nati zile alikaza akiwa na hali gani.

Ombi langu ni dogo. Mishahara hii huku ni kumbukumbu ya wazi, kila mwaka inatoka na kila mwaka kichwa cha habari ni kilekile. Safari ijayo mkiitafsiri wekeni safu moja tu ya ziada, saa, na kama gazeti la huku halijaziandika basi semeni hazijaandikwa. Na ile picha ya maburungutu mnaweza kuipumzisha, nimeshaongea na dada, amekubali nipige picha kalenda.

Msomaji wenu,
Jamaica, Queens