Safari ya Ranikot Jumamosi

Wapendwa, salaam. Jumamosi tunatoka Karachi saa 11 alfajiri, tupite mji mdogo wa Sann kisha tukate kushoto kuelekea milima ya Kirthar. Ukuta wa Ranikot, ngome kongwe ya mkoa wa Sindh, Pakistan, unazunguka takriban kilomita 30, na hadi leo hakuna ajuaye kwa hakika nani aliujenga! Niliposimama Lango la Sann, niliuona ukipanda kilima, ukishuka, ukipanda tena hadi macho yakachoka. Ndani kuna ngome nyingine mbili, Miri na Shergarh. Shergarh iko juu kabisa, kwa hiyo viatu vya kufunga jamani, si kandambili. Maji lita 3 kila mtu, jua la Sindh ni kali. Mnaokuja, andikeni majina hapa kabla ya Isha, nikamlipe dereva.