Barua kwa mwanangu: umeshamwambia msimamizi wako?

Mwanangu mpendwa,

Tangu tulipozungumza Jumapili sijatulia. Jambo lile ulilitaja harakaharaka, katikati ya habari za mkutano na nauli, kisha ukaligeuza. Nami nikakuachia kwa kuwa baba yako alikuwa akiniita. Sasa nakuuliza kwa maandishi ili usipate pa kulikwepea: umeshamwambia msimamizi wako kwamba matokeo yako yanapingana na tasnifu yako?

Kama nilikuelewa vizuri, tasnifu yako imejengwa juu ya dai kwamba protini yenu huzizuia zile jeni. Ukiifuta jeni inayoitengeneza, zile nyingine zinapaswa kubaki zimewaka, yaani zikifanya kazi, muda wote, bakteria apewe sukari au asipewe. Umeifuta, na zimezima. Ukarudia, zikazima tena. Nawe unataka kumaliza kwanza sura ya tatu ndipo useme. Utaimalizaje sura ambayo matokeo yako mwenyewe yanaikana?

Mambo ya Monod, yule mwanabiolojia Mfaransa, na bakteria wake wanaomaliza sukari ya glukosi kwanza, wakasimama, kisha wakaanza laktosi, sukari ya maziwa, sikusimulii. Unayafundisha. Lakini nakuomba ukae tena na habari za mtafiti Ellis Englesberg, maana naona unazipita mbio. Mwaka 1961 Monod na mwenzake Jacob walikuwa wameeleza jinsi jeni za laktosi zinavyofungwa na kizuizi, yaani protini inayozizima, na kufunguliwa kizuizi kinapoondoka, na maelezo yale yalikuwa mazuri kiasi kwamba wengi waliona bakteria wote, kwa kila sukari, lazima wafuate njia hiyo. Mwaka 1965 wawili hao na mwenzao Lwoff wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka huohuo Englesberg na wenzake wakachapisha matokeo yao ya arabinosi, sukari nyingine: ukiiharibu jeni iitwayo araC, vimeng'enya vya kuivunja arabinosi havitengenezwi hata sukari ikiwepo. Na ukimpa bakteria nakala nzima ya jeni hiyo pembeni ya ile mbovu, vinatengenezwa tena. Basi protini inayotokana na araC inawasha. Ilimchukua miaka kukubaliwa. Baadaye ikaonekana kwamba protini hiyohiyo, arabinosi isipokuwepo, huikunja DNA ikafanya kitanzi na kuzifunga jeni zilezile. Inafunga na kufungua. Nani angeliwaza hilo kama matokeo yale yangebaki kwenye daftari la mtu yakingoja sura iishe?

Sisemi kwamba yako ni makubwa hivyo. Huenda ni kosa tu la kukata. Pengine ulipoifuta jeni ile uligusa promota ya jirani zake, kile kipande cha DNA kinachoziwasha, nazo zikanyamaza kwa sababu isiyohusiana na protini yenu hata kidogo. Irudishe jeni kwenye plasmidi, ile pete ndogo ya DNA, uone kama zitawaka. Soma mfuatano wa DNA wa sehemu uliyoikata, pande zote mbili. Anza upya kutoka koloni moja, kundi lililotokana na bakteria mmoja, na usitumie ile chupa ya friza ambayo kila mtu maabarani anachovya. Haya unayajua, ila nimekuwa na watu wenye shahada nyingi wanaojua na hawafanyi. Hata hivyo usiyageuze kuwa kisingizio cha kungoja. Mwambie kwanza, kisha mkapime pamoja.

Kazi yangu mimi ilikuwa kutambua bakteria wa wagonjwa, sikuwahi kupata nafasi ya kuwauliza wanachowasha na wanachozima. Lakini sahani ya kuoteshea bakteria ya leo ikipingana na ripoti ya jana, ilimaanisha kuna mtu kitandani anapewa dawa isiyomfaa. Simu ya wodini ilipigwa saa ileile, daktari afoke asifoke. Kwenu hakuna mgonjwa anayesubiri, na ndiyo maana ni rahisi kukaa kimya. Wiki inakuwa mwezi. Mwezi unakuwa andiko lililochapishwa lenye jina lako, na mwanafunzi wa mbali anatumia miaka yake kujenga juu yake.

Najua unaogopa mkataba usifanywe upya. Mimi pia naogopa, na baba yako anaogopa ingawa hasemi. Tulidhani ukifika hapo ulipo ungekuwa na kazi ya kudumu, na wewe unahesabu mkataba kwa mkataba. Lakini msimamizi akisikia kutoka kinywani mwako, hilo ni jambo moja. Akija kuligundua mwenyewe akipekua data zako, hilo ni jingine kabisa, na hapo sitakuwa na la kukutetea.

Tabia hii ya kumeza jambo mpaka lioze najua umeitoa wapi, na si kwa baba yako.

Yeye ameshafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Hukupiga simu siku ile. Hakulalamika, ila alikaa na simu mfukoni hadi usiku. Sasa anasoma bila kuinamia karatasi, na cha kwanza alichotaka ni lile andiko lako la kwanza. Amelipiga mistari kwa penseli, ana maswali kuhusu ule mchoro wa pili, nami nimeshindwa kuyajibu. Nilipomwona anamwonyesha mgeni jina lako ilibidi niondoke sebuleni nikajifute machozi.

Mdogo wako anataka kuhamia chumba chako. Nimemwambia angoje ruhusa yako. Madaftari yako ya shahada ya kwanza nimeyatoa kwenye kabati la chini kwa sababu ukuta ule unavuja maji, yako juu, yamefunikwa, usihangaike nayo. Fundi ameahidi kuja mara mbili na hajaja. Cheti chako cha kuzaliwa ulichokiulizia hakimo kwenye bahasha ya hati. Angalia kwenye begi la kompyuta, maana nadhani uliondoka nacho.

Na ule usiku kucha maabarani uache. Bakteria wako wanagawanyika kila dakika ishirini wakishiba, hutawaweza kwa kukesha. Panga kazi ianze asubuhi mapema, wafike kiwango unachotaka wakati bado una akili.

Ulisema mkutano wenu wa maabara ni Alhamisi. Usingoje mpaka ulisemee mbele za watu. Mwombe nafasi Jumatano, nenda na daftari, na picha za sahani zote, pamoja na zile zisizopendeza. Halafu nipigie, hata ikiwa usiku wa manane, na jambo la kwanza uniambie hilo, kabla hujaniuliza habari za nyumbani.

Mama yako